Hapakosi Pa Kulala

Jumapili, 16 Machi
Daftari hili ni la vipimo vya sare. Mbele kumejaa viuno na mabega ya watoto wa Kariobangi. Nyuma kurasa ni tupu, na leo nimepata la kuandika.

Kanisani tumeshukuru kwa miaka thelathini ya ndoa. Mchungaji alituita mbele mimi na Kyule, na Ndanu, binti yetu anayekaa mtaa wa Fedha siku hizi, akatokea na bahasha. Ndani mlikuwa na tikiti mbili za basi, kwenda Lamu na kurudi. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikalia kama mjinga. Kyule alikuwa akienda kisiwa kile tangu kabla hajanioa, gunia la vinyago begani, miezi miwili miwili, mpaka macho yalipoanza kumsumbua akaiacha tezo yake ya kuchongea. Mimi sijawahi kuiona bahari. Kila alipoondoka nilimuuliza, "Utalala wapi?" na jibu likawa lile lile: "Mama Ndanu, kule hapakosi pa kulala."

Leo hakucheka. Aliishika ile bahasha kama mtu aliyeletewa samansi ya korti.

Jumanne, 18 Machi
Joto la kuua. Mvua inanukia lakini haiji. Kaptura kumi na mbili.

Alhamisi, 20 Machi
Ndanu alipita dukani kwangu. "Mathe, wacha niwawekee rumu na simu. Ni dakika mbili tu."

Nikamwambia ng'o. Baba yako hajawahi kuweka chumba tangu azaliwe, na mimi nataka niende kama yeye, nishuke na begi langu nione hapo pasipokosa pa kulala.

Kyule alikuwa kwenye kiti cha wateja. Akasema, "Mwache aweke."

Nikageuka. "Ati nini?"

"Tumezeeka, Mama Ndanu. Tuweke chumba. Hoteli ya mbali kidogo na mji, yenye utulivu."

"Ala! Miaka yote hiyo umenitambia mbele ya wageni kwamba lojingi ni za watu wasio na watu. Leo mkeo anakwenda ndio lojingi zimekuwa tamu?"

Ndanu akacheka mpaka akashika cherehani. Kyule alivaa kofia akatoka. Nilifikiri nimemshinda. Nilifurahi, hata.

Jumatatu, 24 Machi
Mvua imefika. Paa la duka linavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumamosi, 29 Machi
Nimekwenda Eastleigh kununua kitambaa cha sare, nikajinunulia na dera moja, ya rangi ya zambarau. Kyule ameitazama akasema itapauka kwa chumvi ya bahari. Usiku na mchana anatafuta sababu ya kutokwenda: mgongo, barabara, mvua, sare za watu. Nimemwambia sare nitamaliza nikirudi, shule zinafunguliwa tarehe ishirini na nane Aprili. Nadhani ananionea haya. Mke wa Kariobangi, mguu umepasuka kisigino, atampeleka wapi mbele ya wale rafiki zake wa pwani? Nimenunua na mafuta ya mgando.

Jumatatu, 7 Aprili
Nguo zimo begini. Kesho.

Jumatano, 9 Aprili. Lamu
Naandika mchana wa Alhamisi, kwa kweli, lakini mambo ni ya jana.

Tulivuka kwa boti kutoka Mokowe. Bahari niliiona, nikaishika kwa mkono, nikaionja kama mtoto. Kyule alikaa amejifunika kofia mpaka nyusi.

Tuliposhuka hakunipeleka alikokuwa akienda siku zote. Akaanza kutafuta lojingi. Ya kwanza imefungwa, wanapaka rangi kwa kuwa masika hakuna watalii. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu imejaa watu wa harusi, maana baada ya mfungo ndio wanaoana. Mimi nacheka: "Baba Ndanu, si ulisema hapakosi?" Yeye anatembea tu, jasho linamtiririka, ananikokota kwenye vichochoro vyembamba hata punda akipita mnajibana ukutani.

Hapo mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia kizingiti chake akainua uso. "Mzee wa vinyago! Subhanallah, miaka mitatu! Unaupita mlango wa Bi Batulo huoni?" Kabla Kyule hajajibu, ameshapaza sauti, na mlango wa pili ukafunguka.

Bi Batulo ni mtu mzima wa sabini hivi, mfupi, macho ya kucheka. Alimwita Kyule "mwanangu". Alishukuru Mungu mara tatu. Kisha akanitazama mimi, mkono tayari umenyooka kunipokea. "Na huyu ni nani?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme mimi ndiye Ndunge. Kyule akanitangulia.

"Dada yangu," akasema. "Syombua."

Syombua ni dada yake kweli, yuko Kitui analima. Nilimtazama mume wangu. Aliniambia kwa Kikamba, haraka, ninyamaze atanieleza. Nikanyamaza. Nilipewa biriani, nikapewa maji ya kuoga, nikaonyeshwa kitanda chumbani mwa Bi Batulo mwenyewe, naye Kyule akaingia chumba cha nje bila kuonyeshwa njia. Alijua hata msumari wa kutundika kofia.

Mimi mjinga nilifikiri ni mambo ya mwanamke. Nililala nimekaza macho, nikihesabu umri wa yule bibi. Nikaona haiwezekani, nikachoka.

Alhamisi, 10 Aprili
Heri ingekuwa mwanamke.

Asubuhi nilimsaidia Bi Batulo kukuna nazi. Kyule alikuwa amekwenda ufukoni kusalimia mafundi. Bi Batulo akaniambia, "Syombua, nimefurahi umekuja naye. Nilikuwa namwonea huruma, mwanamume kusafiri peke yake na majonzi yale."

"Majonzi gani?" nikauliza.

Akaacha kazi. "Ya mkewe. Marehemu Ndunge."

Nazi ilinitoka mkononi. Yeye akadhani ni uchungu wa wifi, akanishika bega, akanieleza yote polepole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mambo wanayoyajua wote wawili.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, mvua ya El Niño haijaisha, barabara imekatika. Kyule alipigiwa simu dukani kwa jirani yao. Akatoka pale akakaa kwenye baraza la Bi Batulo, mvua inampiga, gunia la vinyago limelowa, analia kwa sauti. Lojingi zote zilikuwa na watu waliokwama. Bi Batulo alitoka akamuuliza, "Baba, umefiwa na nani?" Akasema, "Mke wangu."

Wakamwingiza ndani. Mume wa Bi Batulo alikuwa hai, akampa nguo kavu. Mtaa mzima ulikuja. Walikaa naye siku tatu, wanawake wakampikia, wanaume wakakaa naye barazani wasimwache peke yake. Tangu hapo chumba cha nje kikawa chake. Hajalipa hata siku moja. Utamlipisha vipi mfiwa?

"Sijapata kuona mwanamume akampenda mke namna ile," Bi Batulo akasema. "Kila akija alikuwa na la kunisimulia. Kwamba Ndunge akishona alikata uzi kwa meno ya upande wa kushoto. Kwamba akisimulia kisa hucheka kabla hajafika penye kuchekesha, mpaka watu wanacheka bila kujua wanacheka nini. Kwamba alikuwa akiimba akidhani hakuna anayemsikia."

Jameni. Miaka thelathini nimekaa na mtu huyu na sikujua kama anajua nakata uzi na meno gani. Nyumbani akiniambia neno tamu ni "chai haina sukari". Yule marehemu alipendwa. Nilimwonea wivu, Mungu wangu, nilijionea wivu mimi mwenyewe nikiwa nimekalia mbuzi ya nazi.

Nilijikaza nikauliza, "Na mtoto?"

"Alikwenda na mama yake, maskini. Nthoki."

"Nani?"

"Nthoki. Si ndilo jina alilompa?"

Niliomba ruhusa nikaenda chooni nikakaa huko.

Acha niandike vizuri, nisijesema baadaye niliota. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Aprili ya mwaka huo, Kyule akiwa huku. Aliishi siku mbili. Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina siku ya tatu. Akifa kabla, hana jina, na asiye na jina hana matanga. Wanawake wawili wa ploti tuliyopanga walinisaidia kumzika, kimya kimya, wakaniambia nisilie nisije nikaita kifo kingine. Munyao, ndugu yake Kyule, ndiye aliyepiga ile simu. Kyule alirudi baada ya wiki saba. Akaweka gunia chini, akasema, "Mungu alitoa, Mungu alitwaa," akauliza kama kuna chakula. Nilipakua. Hatukumtaja tena yule mtoto mpaka leo.

Na Ndanu alipozaliwa miaka miwili baadaye, nikataka tumwite Nthoki, jina la mama yake Kyule, kama ilivyo desturi. Kyule akakataa katakata. Watu walisema hampendi mama yake. Kumbe lilikuwa limeshatumika, huku, mbele ya watu nisiowajua.

Ijumaa, 11 Aprili
Nilimtoa Kyule nje ya mji, tukatembea ufukoni mpaka pasipo na watu. Nikamwambia, "Mimi ni marehemu. Nieleze."

Alikaa kwenye mchanga. Kwanza alisema ilikuwa zamani. Nikamwambia zamani yako ndiyo maisha yangu. Ndipo akasema kwamba Munyao alimwambia kwa simu mtoto amekufa na mimi niko hali mbaya, damu haikatiki. Alikaa pale barazani akimlilia mtoto. Bi Batulo alipomuuliza amefiwa na nani aliona haya. "Ningesemaje, Ndunge? Mwanamume mzima analilia mtoto wa siku mbili asiye na jina? Kwetu wangenicheka. Nilisema mke. Lilinitoka tu. Na nilidhani huenda ni kweli wewe pia umeshaenda."

"Na ulipojua sijaenda?"

"Walikuwa wameshanikalia matanga. Wameshanipikia. Utawaambia nini watu hao, ati amefufuka?"

"Ungewaambia asante Mungu, mke wangu ni mzima. Wangechinja mbuzi!"

Hapo ndipo niliposema lililokuwa limenikaba tangu jana, na nilipiga kelele mpaka kunguru wakaruka. Nilimwambia, huku walikukalia siku tatu, na mimi nilimzika peke yangu nikarudi kwenye cherehani na maziwa yananitoka kifuani yanalowesha sare za watu. Pole zote zilizokuwa zangu ulikuja ukazila wewe huku. Jina ukampa, hukuniambia. Miaka ishirini na saba mwanangu ana jina na mimi sijui kumwita!

Kyule alilia. Sijawahi kumwona akilia. Huruma ilinijia, sitasema uongo, lakini ilikuja imechelewa, na ilinikuta nina hasira.

Sikutaka mengi. Nilimwambia kitu kimoja tu: kesho, kabla hatujaondoka, simama mbele ya Bi Batulo useme, "Huyu ndiye Ndunge, mke wangu, yuko hai." Basi. Hayo mengine tutayabeba nyumbani.

Akasema, "Kesho asubuhi. Naapa."

Jumamosi, 12 Aprili
Bi Batulo alitufungia mahamri kwenye kitambaa. Aliandika namba yake ya simu hapa kwenye daftari langu, kwa mkono wake, akasema nisiwe mgeni. Nilivaa ile dera ya zambarau. Nilisimama mlangoni nikamtazama Kyule. Nilimpa muda. Nilijifanya nafunga kiatu, nikakifunga mara mbili.

Kyule alisafisha koo. Alisema, "Bi Batulo." Bibi akamtazama kwa yale macho yake ya kucheka, akamwambia, "Sema, mwanangu." Kyule akatazama msumari wa kofia yake.

"Sisi tunaondoka," akasema. "Dada anashukuru."

Nilibeba begi langu mwenyewe mpaka gatini. Ndani ya boti alijaribu kunishika mkono. Niliutoa nikaushika ubao.

Jumatatu, 14 Aprili. Kariobangi
Mvua. Sare thelathini na moja zinangoja.

Jumanne, 15 Aprili
Mvua. Kyule ameziba paa la duka bila kuombwa. Halivuji tena.

Alhamisi, 17 Aprili
Ndanu alikuja na maswali na simu, anataka picha. "Kwani mlipata rumu?"

"Tulipata," nikasema. "Baba yako ana chumba chake."

Alimtazama baba yake, akanitazama mimi. Si mtoto tena. Hakuuliza la pili. Alipika ugali na sukuma wiki, tukala watatu kama abiria.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka
Mchungaji amehubiri juu ya waliofufuka. Nilitoka nje kabla ya sadaka. Kyule alinifuata na mwavuli, akasema, "Nitampigia simu Bi Batulo. Nipe siku chache tu." Nikasema sawa. Nilitaka kuamini, ndiyo aibu yangu.

Jumatano, 23 Aprili
Hajapiga.

Jumamosi, 26 Aprili
Hajapiga. Wazazi wamepanga foleni mpaka kwa fundi wa viatu. Sketi, kaptura, sketi. Nilijishika nikikata uzi kwa meno, nikaacha, nikatafuta mkasi. Hata meno yangu sasa ni ya yule mwingine.

Jumatatu, 28 Aprili
Shule zimefunguliwa. Kimya dukani. Hajapiga.

Ijumaa, 2 Mei
Nilimuuliza mbele ya chai, bila ukali, anaogopa nini. Akafikiri sana. Akasema kule ndiko mahali pekee duniani alipowahi kuwa mtu mwema, na akisema ukweli hapatakuwapo tena.

Nilimwelewa. Hilo ndilo baya, nilimwelewa kabisa, na moyo ukanivunjika kwa sababu hiyo. Ili yeye abaki mwema kule, mimi lazima nibaki maiti.

Nimehamia kwa Ndanu, Fedha. Asubuhi nakuja dukani, jioni narudi kwake. Kyule nimemwachia nyumba na sufuria zote.

Jumanne, 6 Mei
Mvua ya mawe. Ndanu ananikanda miguu. Nimemwambia kuhusu Nthoki. Alisema, "Kumbe mimi si firstborn," kisha akaweka kichwa mapajani mwangu, hakukiinua kwa muda mrefu.

Ijumaa, 9 Mei
Leo mchana nimefungua daftari pale penye mwandiko wa Bi Batulo, nikapiga.

"Bi Batulo, hodi. Ni mimi."

"Syombua! Mwaonaje na mvua? Kyule hajambo?"

"Hajambo. Bi Batulo, mimi si Syombua. Mimi ni Ndunge."

Nilisikia kijiko kikiwekwa chini. "Ndunge yupi?"

"Yule yule. Mkewe Kyule. Sikufa."

Nilijiandaa kutukanwa, maana nilikula chakula chake siku tatu kwa jina la mtu mwingine. Nilimwomba radhi, nikazidi kusema, maneno yakagongana.

Akanikatiza. "Na mtoto je? Naye ni uongo?"

"Mtoto ni kweli. Siku ya pili."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Wanawake wawili walinisaidia kuzika."

"Nani alikukalia matanga?"

"Hakuna, Bi Batulo. Kwetu mtoto wa hivyo haliliwi."

Nikaitazama simu nione kama imekatika. Kisha sauti yake ikaja imebadilika, imekuwa ya mtu aliyeketi chini.

"Basi mwenye msiba ulikuwa wewe," akasema. "Na sisi hatukukujia. Pole, mama Nthoki. Pole sana, mama Nthoki."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Niliinamia meza ya cherehani nikalia kwa sauti, mlango wazi, mchana kweupe, mteja aliyefuata sketi yake akageuka akarudi alikotoka. Bi Batulo hakukata simu. Alikaa tu upande wa pili, anasema pole, ananyamaza, anasema pole.

Nilipoinua kichwa Kyule alikuwa mlangoni, amelowa, ameshika chupa ya chai aliyoniletea. Amesikia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefukuzwa kwao.

Alitaka kuingia. Nilimwambia angoje nje, niko matangani.